Hela kidogo, udhalilishaji mwingi: jumuiya yenu ikusanye ushahidi wa aina gani?

Hili swali limezunguka sana kwa wenzetu wenye jumuiya ndogo ndogo, Unguja na Pemba, sasa nimeona bora niliandike mara moja. Mmepata vijisenti vya kupambana na udhalilishaji wa watoto, au ndoa za mapema, au bakora skuli na chuoni (madrasa), alafu mfadhili anasema kabla ya yote leteni ushahidi. Hapo ndo kamati inagawanyika. Katibu anataka takwimu za Serikali mana zipo bure, kijana wa kompyuta anataka dodoso kwenye simu, yule mama mtu mzima anauliza kwani haya hamuyajui mpaka mkaulize watu, na aliyesoma sheria anataka mfuate kesi mahakamani. Wote wana hoja, ila kila mmoja kichwani mwake ana mtu tofauti anayetaka kumshawishi, na hilo halisemwi.

Nitaweka njia tano kwenye mizani ileile. Kwanza hela na muda. Pili inajibu nini na inanyamaza wapi. Tatu usalama wa anayeulizwa au anayeandikwa, hasa akiwa mtoto. Nne nani atageuka akiuona ushahidi huo, kwa sababu sheha, mwalimu mkuu, mwakilishi, shekhe wa mskiti na mfadhili hawageuzwi na kitu kimoja.

La usalama mimi nalipa uzito kuliko yote na nasema mapema ili msije mkaniona napendelea. Shehia zetu ndogo. Ukiandika kwenye ripoti "mtoto wa kike, miaka 11, darasa la tano, anaishi na baba wa kambo" na ukataja kijiji, hujaandika jina lakini umeliandika, kabla ya Alasiri mtaa mzima unajua ni nani. Vitabu vingi vya utafiti vimeandikwa kwa miji ambayo mtu hamjui jirani yake, huku kwetu kuficha jina peke yake hakutoshi.

Takwimu zilizopo tayari

Hela na muda: bando tu, na mtu mwenye subira ya kusoma majedwali. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar inatoa takwimu za udhalilishaji kila mwezi, kwa wilaya, umri, jinsia na aina ya tukio. Kuna sensa ya 2022 iliyotuhesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kuna ule utafiti mkubwa wa afya unaopita majumbani, TDHS, wa 2015-16 na wa 2022.

Inajibu nini: wapi, nani, lini. Hapo ni nzuri sana. Tizama bara kwenye ukeketaji, ambao kwetu huku karibu haupo: mwaka 2015-16 wastani wa nchi ulikuwa 10% ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49, lakini Manyara peke yake ilikuwa 58%. Asasi iliyosoma wastani tu ingetawanya hela nchi nzima, iliyoshuka mpaka kwenye jedwali la mikoa ilijua pa kwenda. 2022 wastani umeshuka mpaka 8%, na bado ni mikoa ileile michache inayobeba mzigo.

Inaponyamaza ndo pana hatari. Zile takwimu za kila mwezi ni matukio yaliyoripotiwa, na kuyafanya hayo ndo udhalilishaji wote uliotokea ni kama kuhesabu samaki wa bahari kwa waliofika dikoni. Wilaya za mjini zinaongoza mara nyingi, lakini mjini pana watu wengi, kituo cha polisi kipo karibu, hospitali ipo karibu. Wilaya yenye namba ndogo inaweza kuwa na amani, na inaweza kuwa na muhali mwingi tu. Tena jumuiya ikifanya kazi nzuri ya kuwatia watu moyo waripoti, namba zinapanda, sasa mfadhili asiyeelewa atakuuliza mbona tangu muanze mambo yamezidi. Mwambieni hilo mwanzo, kwenye andiko lenyewe.

Mfano unaonishangaza mpaka leo: mwaka 2009 ulifanywa utafiti wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, UNICEF, CDC ya Marekani na chuo cha Muhimbili, ripoti ikatoka 2011. Waliulizwa vijana wenyewe wa miaka 13 mpaka 24, Zanzibar ikiwa na sehemu yake. Kwa upande wetu waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 walikuwa kama 6% ya wa kike na 9% ya wa kiume. Wa kiume wengi zaidi! Ukikaa na taarifa za vituo unaona watoto wa kike ndo wengi, kwa hiyo miradi yote inakuwa ya wasichana, na wavulana wa kwetu wanabaki hawana pa kusemea. Utafiti ule ni wa zamani sasa, lakini funzo lake halijazeeka, alieripoti na alieumia si lazima wawe watu walewale.

Usalama: hapa mko salama, hamna mnaemuuliza. Anaegeuka: mfadhili, mwakilishi, afisa wa wizara. Sheha hageuki, atakwambia hiyo ya wilaya nzima, kwangu hakuna. Inawafaa walioanza jana, na wanaotaka kuchagua wilaya kabla hawajachagua shehia.

Dodoso lenu wenyewe

Hela na muda: programu si tatizo, KoboToolbox inatumika bure na inajaza hata pasipo na mtandao, mkirudi Chake au Wete inapandisha. Hela zinakwenda kwa watu. Kuwafundisha wadodosaji, nauli, posho, boti kama mnatoka Unguja, na vibali kuanzia Serikalini mpaka kwa sheha. Na kalenda ya Pemba haikusubiri: wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, wanawake wa mwani wako ufukweni, msimu wa karafuu familia zimehama kambi, wanaume wa pwani wamekwenda dago, kambi za uvuvi. Ukipita nyumba kwa nyumba wiki hizo utapata wazee na watoto, alafu utaandika kwamba hayo ndo maoni ya shehia.

Inajibu nini: kiasi gani, na hata kwa ambao hawakuripoti popote. Hilo hakuna njia nyengine inayoliweza vizuri. Utafiti wa WHO uliotoka 2005 uliuliza wanawake wa Dar es Salaam na Mbeya, waliowahi kupigwa au kulazimishwa na mume au mwenza wakawa 41% Dar na 56% Mbeya, na wengi wa namna hiyo hawajawahi kuingia daftari la polisi yoyote. Lakini walifanya kwa taratibu: nyumba moja anaulizwa mwanamke mmoja tu, peke yake, akiingia mtu swali linageuzwa, na nje utafiti unatajwa kwa jina la afya ili mume asijue kinachoulizwa. Kwa lile la kudhalilishwa utotoni walitumia pia kadi yenye picha ya uso, mtu anatia alama mwenyewe, anaifunga, anaemuuliza haoni. Hii ya kadi jumuiya yoyote inaiweza na haina gharama.

Sasa niseme ninayoyaona huku. Kuwapa karatasi watu waliokuja semina, alafu ripoti ikaandika "asilimia 80 ya wazazi wa Micheweni", hilo si dodoso jamani, hao ni wageni wenu waliokula chakula chenu. Jengine, swali la "unakubaliana na ndoa za mapema?" Baada ya semina mbili kila mtu anajua jibu mnalolitaka. Muulize kwa hapa kijijini, katika kila familia kumi, ngapi zingemuoza binti kabla hajamaliza skuli, na mtu akikataa watu watamsemaje. Hapo anajisahau anasema kweli.

Usalama: ni mgumu. Mdodosaji asiwe wa shehia ileile. Na watoto msiwaulize yaliyowafika kama hamna pa kuwapeleka. Kule wilaya ya Luwero, Uganda, watafiti wa mradi wa kupunguza bakora skuli walivyouliza watoto, 434 walibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi kwa yale waliyoyasema, kati ya kiasi cha 3,800 walioulizwa. Fikirieni nyinyi mmeuliza watoto 200 na afisa ustawi ni mmoja wilaya nzima.

Anaegeuka: mfadhili sana, na wizara kama sampuli imepangwa vizuri. Inawafaa wenye mtu anaejua takwimu kweli, si anaejua Excel tu.

Kukaa na watu

Mahojiano ya mtu mmoja mmoja na vikundi vya mazungumzo. Hela ndogo, muda mrefu, na subira kuliko hela.

Inajibu kwa nini, na nani anaamua. Mwaka 1996 mtafiti Gerry Mackie aliandika makala akilinganisha ukeketaji na ile desturi ya China ya kuwafunga watoto wa kike miguu, hoja yake wazazi wale hawakuwa makatili, walikuwa wanaogopa: familia moja ikiacha peke yake binti yao haolewi. Kwa hiyo hata akijua inaumiza anaendelea, mpaka waache pamoja. Senegal shirika la Tostan, lililoanzishwa 1991, lilifika hukohuko kwa njia ya miguu. Wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza kuacha ukeketaji 1997, wakasemwa vibaya. Mzee Demba Diawara wa Keur Simbara akawaeleza kwamba watu mnaooana nao wako vijiji vyengine, hamuwezi kuamua peke yenu, akatembea kijiji kwa kijiji kwa jamaa zake, na 1998 vijiji 13 vikatangaza kwa pamoja. Hakuna dodoso lililomwambia yule mzee, alikuwa anajua nani anaoana na nani.

Kwetu hii inaingia moja kwa moja. Familia ya Konde inaoa Wete, ya Makunduchi ina watu mjini. Mkiuliza kwa utulivu mtakuta muamuzi wa ndoa si baba mnaemuita kwenye mkutano, ni shangazi au bibi. Na ile ya kumaliza kifamilia kesi ya mtoto, watu hawafanyi kwa kutojua sheria, sheria wanaijua, wanaogopa kukata udugu mana mtuhumiwa ni mjomba au ni jirani aliyewakopesha.

Inaponyamaza: haikwambii wangapi. Vikundi vitatu vikisema bakora chuoni zimepungua hamjui kama zimepungua. Na mahali panabadilisha maneno, wanawake waliokaa ofisini kwa sheha hawasemi wanayoyasema ufukweni kwenye mwani.

Usalama: kikundi hakiulizwi "nani hapa yalimfika", hata siku moja. Yaliyosemwa kwenye kikundi cha watu kumi yameshatoka. Zungumzeni habari ya "familia moja" ya kubuni, watu wataijaza wenyewe.

Anaegeuka: wazee, mashekhe, walimu wa madrasa, kina mama wa vikundi vya hisa. Mfadhili wa mbali ataziita hadithi. Inawafaa mnaotaka kutunga ujumbe na hamjui kwa nini ule wa zamani haukushika.

Kufuata kesi moja moja

Hii ndo inayonigusa, na najua haimfai kila mtu.

Mnaandika kila kesi ilipoanzia na ilipokwama: familia, sheha au mratibu wa wanawake na watoto wa shehia, kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachoweka huduma za waliodhalilishwa mahali pamoja (cha kwanza kilifunguliwa hospitali ya Mnazi Mmoja 2011), dawati la polisi, Mkurugenzi wa Mashtaka, mahakama. Tangu 2021 kuna mahakama maalum ya makosa ya udhalilishaji, kwa hiyo upande wa mwisho wa njia umerekebishwa kiasi, swali ni huku mwanzo.

Hela: nauli na simu, na mtu mmoja makini asieondoka ondoka. Muda: mrefu, kesi haziishi kwa mwaka wa bajeti yenu, mfadhili wa miezi sita atachoka kabla ya hakimu.

Inajibu kitu ambacho njia nyengine hazijibu: mlango upi unavuja. Dodoso litakwambia watu hawaripoti. Daftari la kesi litakwambia wameripoti, wakaenda hospitali, alafu shahidi hakufika mahakamani mara ya pili kwa sababu hakuwa na nauli ya kutoka kijijini, na mara ya tatu baba akasema tumeshamaliza. Kila kimoja kina dawa yake, nauli ni ya jumuiya, kuahirishwa ni la mahakama, kumaliza nyumbani ni la wazee. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA-Zanzibar na wanasheria wanawake wa ZAFELA wamekuwa wakilisemea suala la kesi hizi miaka mingi, kwa hiyo hamuanzi peke yenu, waulizeni wanavyorekodi kabla hamjatunga fomu yenu. Ila kesi zenu zikiwa kumi na mbili andikeni kumi na mbili, msiandike asilimia.

Usalama: hapa ndo hatari kuliko zote, mna majina. Namba badala ya jina, orodha ya majina kwenye daftari jengine lililofungiwa, na kesi isipite kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, si picha, si fomu, si "tumuombee dua mtoto wetu wa shehia fulani". Na msimfundishe shahidi la kusema, kesi itaharibika.

Anaegeuka: polisi, waendesha mashtaka, wizara, Baraza la Wawakilishi. Wazee wa kijiji mara nyingi inawakasirisha. Inawafaa mlio na mwanasheria au msaidizi wa sheria, na mnaojulikana hapo mlipo.

Jaribio la kulinganisha

Skuli au shehia zinapangwa kwa kura, nusu zinapata mradi sasa, nusu baadae, alafu mnalinganisha. Hela nyingi, miaka, na chuo kikuu nyuma yenu, kwa huku mngeanza kwa kubisha hodi SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar.

Inajibu lile swali ambalo nyengine zote zinalikwepa: je ni mradi wetu au yangebadilika tu? Shirika la Raising Voices la Uganda wamelijibu mara mbili. Programu yao ya SASA!, ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake mitaani Kampala, maeneo yaliyoipata ukatili wa kipigo kutoka kwa wenza ulikuwa chini kwa 52% kulinganisha na ambayo hayajaipata. Na ile ya kupunguza bakora skuli, Luwero tuliyoitaja, skuli 42, matokeo yalitoka 2015: wanafunzi waliosema wamepigwa na wafanyakazi wa skuli wiki ile walikuwa 31% kwenye skuli za mradi, na 49% kwenye zilizokuwa zinasubiri. Sisi tuna historia yetu ya adhabu mbadala skulini kwa hiyo namba hizi mwalimu mkuu wa Zanzibar anazielewa haraka, hasa ukimwambia kwamba skuli zilizosubiri nazo zilipewa baadae.

Kwa jumuiya ndogo ushauri wangu ni kuazima matokeo, si kufanya jaribio. Lakini azimeni kwa akili, Luwero si Mkoani ya Pemba, na chuoni kwetu kuna mwalimu ambae hayuko chini ya wizara ya elimu. Usalama wake ni uleule wa dodoso. Anaegeuka: wizara na wafadhili wakubwa.

Sasa mko wapi nyinyi?

Kama ndo mnaanza na hamjui muende shehia gani: takwimu zilizopo, alafu wiki chache za kukaa na watu kwenye shehia mbili, moja yenye namba kubwa na moja yenye namba ndogo inayotia shaka.

Kama mna mradi wa zamani na watu wanahudhuria, wanapiga makofi, na ndoa zinaendelea, msiongeze dodoso. Kaeni na mashangazi.

Kama kilio cha shehia ni "tunaripoti hakuna kinachofanyika", fuateni kesi, hata ziwe chache.

Kama mfadhili anataka beslaini (takwimu za kabla ya mradi) yenye asilimia na amewapa mwezi mmoja, jadilianeni nae. Mpeni za Mtakwimu Mkuu kama picha ya wilaya, mazungumzo kama picha ya shehia, na mwambieni bei halisi ya dodoso lenye sampuli ya kweli pamoja na vibali. Wengi wakiiona ile bei wanakubali mlichonacho.

Kama kazi yenu ni bakora, skuli ni chache na wizara iko tayari kusikiliza, chukueni ya Luwero, na hesabuni wenyewe kwa kadi za siri kwa walimu na wanafunzi wakubwa, mwanzo wa muhula na mwisho.

Na kama mmeamua lazima muongee na watoto, kabla ya swali la kwanza hakikisheni mratibu wa shehia anajua, afisa ustawi amekubali, namba ya bure ya watoto 116 ipo mkononi, na nauli ya mtoto na mzazi wake kwenda Mkono kwa Mkono Chake na kurudi imo kwenye bajeti, mwanzo kabla ya fulana na mabango.